Jua lote hili la Nairobi, mbona mwanangu amekosa vitamini D?

Hujambo Mama Kliniki,

Majibu yako nimeyasoma kwa muda mrefu nikijiambia kwamba shida za watu wengine ni za watu wengine. Sasa zamu yangu imefika.

Nina watoto wawili, mvulana wa miaka kumi na msichana wa miaka saba. Tunaishi Pipeline, Embakasi, gorofa ya tatu. Anayeijua Pipeline hahitaji maelezo: nikishika ufagio nikanyoosha mkono dirishani, nagonga kioo cha jirani wa jengo la pili. Saa sita mchana taa ya jikoni inawaka. Silalamiki, kodi ninayoiweza ndiyo hiyo na kazi ya mume wangu iko karibu, lakini nataka uone tunapoishi.

Kijana alikuwa na mwili wa kawaida tulipohamia hapa miaka mitatu iliyopita. Kisha akaanza kunenepa pole pole, na nisikudanganye, nilifurahi. Mama mkwe alipokuja kututembelea kutoka Kakamega alimshika mashavu akasema, "Sasa huyu anaonekana ana wazazi."

Miezi miwili sasa analia miguu usiku, hasa mapaja na magoti. Nikawa namchua kwa dawa ile ya kupaka inayonukia nyumba nzima. Halafu mwalimu akaniambia kwamba wakati wa michezo anakaa ukutani, anasema amechoka. Nikampeleka kliniki. Wakampima: kilo 47, urefu sentimita 140. Daktari akasema uzito wake umepita kiasi kwa umri wake, akaagiza damu ipimwe. Nililipa elfu tano kwa kipimo kimoja. Majibu yakaja: vitamini D ni 14, na pembeni wameandika kwamba iko chini. Akaandikiwa tembe za uniti 2,000, moja kila siku kwa wiki kumi na mbili, kisha turudi. Foleni ilikuwa ndefu na waliokuwa nyuma yangu wanakohoa. Nikatoka na karatasi mkononi na maswali yote bado tumboni.

Kwenye chama nikakosea nikasimulia. Mmoja wetu anauza virutubisho, akasema vitamini D ndiyo inayoyeyusha mafuta, watoto wananenepa kwa kuikosa. Ana vidonge vya uniti 50,000, kimoja kila siku kwa mwezi, elfu nane, na mtoto "atarudi kuwa mwembamba kama zamani". Mwingine akasema mtoto wake alipimwa akapata 52 na ni mnene kuliko wangu, kwa hiyo hayo ni mambo ya madaktari kutafuta pesa. Nikampigia mama mkwe, akacheka: "Vitamini ya jua itakosekanaje Afrika? Hizo ni ndwele za wazungu." Mume wangu yeye anasema ni chipsi tu, aache chipsi.

Basi la shule linamchukua saa kumi na moja na nusu alfajiri na kumrudisha saa kumi na moja jioni. Jumamosi ana masomo ya ziada hadi saa saba. Zamani akirudi alikuwa anashuka chini kucheza na wenzake, siku hizi hashuki, anachukua tableti mpaka chakula kiive. Watoto wa ploti wanamwita Bonge. Hata baba yake humwita Bonge, kwa mapenzi tu, naye hucheka.

Naomba uniambie: inawezekanaje kukosa vitamini ya jua Nairobi? Ni kuikosa kulikomnenepesha, na nikimpa atapungua? Vile vidonge vya 50,000 vina ubaya gani? Na dada yake ni mwembamba kama njiti, yeye nimwache? La mwisho naona haya kuliuliza: ni mimi niliyekosea?

Mama wa Gorofa ya Tatu, Pipeline

*

Mama wa Gorofa ya Tatu,

Nianze na jambo ambalo hukuliuliza, kwa sababu ndilo lenye haraka.

Mapaja na magoti. Leo jioni mwambie atembee pekupeku kutoka mlangoni hadi jikoni, wewe ukiwa nyuma yake. Anachechemea? Wayo wa mguu mmoja unaangalia nje kuliko mwenzake? Maumivu yako upande mmoja? Kwa mtoto mnene anayekaribia kubalehe, kichwa cha mfupa wa paja huweza kuteleza pale kinapoungana na mfupa wenyewe kwenye nyonga, na maumivu yakajitokeza gotini, mbali kabisa na palipoharibika. Katika miaka yangu ya kliniki ya watoto nimewaona waliochuliwa goti wiki nzima nzima ilhali nyonga ndiyo inayolia. Ukiona kuchechemea, usingoje wiki kumi na mbili. Apigwe picha ya eksirei ya nyonga zote mbili siku hiyo hiyo, na mpaka hapo asikimbie wala asiruke. Hakuna tembe ya kulitibu hilo. Kama hachechemei, kama ni miguu yote miwili, usiku tu, na asubuhi anaamka mzima, basi pumua. Maumivu ya namna hiyo watoto wengi huyapata, na mifupa iliyokosa vitamini D nayo huuma hivyo hivyo.

Sasa vidonge vya chama. Usinunue.

Si kwamba dozi ya 50,000 haipo. Ipo, na madaktari huitoa, lakini kwa kawaida ni mara moja kwa wiki, kwa wiki chache, na damu inapimwa. Kimoja kila siku kwa mwezi ni uniti milioni moja na nusu. Kiwango cha juu ambacho mtoto wa miaka tisa na kuendelea anaweza kutumia kila siku bila usimamizi wa daktari ni uniti 4,000. Vitamini C ikizidi hutoka na mkojo, wewe umepoteza pesa tu. D huyeyuka katika mafuta, kwa hiyo ikizidi inabaki mwilini. Inavuta kalisiamu nyingi kutoka kwenye chakula na mifupa kuingia kwenye damu, mtoto anakuwa na kiu isiyoisha, anakojoa kila saa, anatapika, choo kinakauka, na figo zinaanza kuumia. Mwambie mwanachama mwenzako hivyo, kwa upole, maana huenda naye anawapa wanawe.

Tembe za daktari wako ni dozi ya busara. Mpe wakati wa chakula cha jioni, si tumbo tupu saa kumi na nusu alfajiri, na sahani iwe na mafuta kidogo: yai, parachichi, au mboga iliyokaangwa. Na ukirudi ukakuta kiwango kimepanda kidogo tu, usidhani tembe zilikuwa bandia. Mwongozo wa madaktari wa homoni wa Marekani wa mwaka 2011 ulisema watu wanene huhitaji mara mbili hadi tatu ya dozi ya wengine. Daktari akiongeza, ataongeza akiwa na karatasi ya damu mbele yake.

Kuhusu mtoto aliyepata 52. Uliza ile 52 ilikuwa ya nini. Maabara zetu hazitumii kipimo kimoja: nyingine huandika nanogramu kwa mililita, nyingine nanomoli kwa lita, na nanogramu moja ni sawa na nanomoli mbili na nusu. Hiyo 14 yako, ikiwa ni nanogramu, ni nanomoli 35. Na 52 yake, ikiwa ni nanomoli, ni nanogramu 21 hivi, amevuka mstari kwa unywele. Wataalamu wengi huuweka mstari kwenye nanogramu 20, yaani nanomoli 50, na chini ya 12 ndiko hatari ya matege inakoanzia. Wako yuko katikati, chini ya mstari na juu ya shimo. Tazama herufi zilizo kando ya nambari kabla hujalinganisha mtoto wako na wa mtu.

Mama mkwe wako ana haki ya kushangaa. Nairobi iko nyuzi moja na kitu kusini mwa ikweta, mita 1,700 na zaidi juu ya bahari. Miale inayotengeneza vitamini D inatufikia mwaka mzima, hata Julai pale mawingu yanapokataa kutoka, ingawa hupungua. Lakini vitamini D haitengenezwi na jua lililo angani. Inatengenezwa na jua lililogusa ngozi, na hapo ndipo hesabu ya mwanao inapoharibika.

Fuata siku yake. Saa kumi na moja na nusu alfajiri, giza. Kwenye basi, kioo, na kioo cha dirisha huzuia miale hiyo hata jua likimpiga usoni. Darasani, paa. Mapumziko, sweta la shule na soksi ndefu, na nyinyi wazazi mnajua shule zetu zinavyolipenda sweta, jua liwe kali namna gani. Saa kumi na moja jioni anashuka kwenye basi na jua limeshainama, kivuli chake ni kirefu kuliko yeye. Hiyo ndiyo alama ninayowapa akina mama: kivuli kikiwa kirefu kuliko mtoto, jua hilo ni la kuota tu. Kikiwa kifupi kuliko yeye, kwetu hapa ni kati ya saa nne asubuhi na saa tisa alasiri, ndipo ngozi inafanya kazi. Na ngozi yetu nyeusi, inayotukinga na mengi, huichuja ile miale ya jua, kwa hiyo inahitaji muda mrefu kuliko ngozi nyeupe kupata kiasi kile kile.

Ndwele za wazungu? Mwaka 2018 ulichapishwa utafiti uliofanywa katika mtaa wa mabanda hapa hapa Nairobi, ukaonyesha watoto wenye matege, na chanzo ni ukosefu wa vitamini D. Mwaka 2020 kikundi kilichoongozwa na mtafiti Mkenya, Reagan Mogire, kilikusanya tafiti za Afrika nzima na kukuta kama asilimia 34 ya waliopimwa wako chini ya mstari ule wa nanomoli 50. Bara lenye jua lote hili. Mtaa wa mabanda na gorofa za Pipeline havifanani kwa kodi, lakini vinafanana kwa uchochoro: mtoto anakulia mahali ambapo jua linaishia kwenye bati au ukuta wa jirani.

Swali lako la pili ndilo lililonifanya niichague barua hii, kwa sababu karibu kila mama aliyesikia habari hizi amezishika kinyume.

Unene ndio unaoshusha vitamini D. Chukua kijiko kimoja cha chumvi, tia kwenye kikombe cha supu, onja. Sasa tia kijiko kile kile kwenye sufuria ya supu ya watu kumi. Chumvi haijapotea, imetawanyika. Vitamini D hukimbilia kwenye mafuta ya mwili, na mwili mkubwa wenye mafuta mengi ni sufuria. Mwaka 2000 watafiti wa Marekani waliwaweka watu wanene na wasio wanene chini ya mwanga wa aina moja. Ngozi zao zilikuwa na malighafi sawa, lakini vitamini D kwenye damu ya wanene ilipanda kwa kiasi cha asilimia 57 chini ya wenzao. Ngozi ilifanya kazi yake, mafuta yakaimeza. Ndiyo maana utafiti wa watoto wa Marekani uliochapishwa mwaka 2013 ulipanda kama ngazi: walio na uzito mzuri, asilimia 21 walikuwa na upungufu, waliozidi kidogo, 29, wanene, 34, wanene sana, 49. Na ona hiyo 21 ya wenye uzito mzuri, tutairudia nikifika kwa binti yako.

Je, njia hiyo ina kurudi? Yaani D ikiwa chini, mtu hunenepa? Mwaka huo huo wa 2013 watafiti waliangalia jeni za watu zaidi ya 42,000. Waliozaliwa na jeni za kunenepa walikuwa na D ya chini. Waliozaliwa na jeni za kuwa na D ya chini hawakuwa wanene kuliko wengine. Mlango unafunguka upande mmoja. Na watoto wanene waliopewa vitamini D katika majaribio, nambari ya damu ilipanda, mizani ikabaki ilipokuwa. Kwa hiyo mpe tembe zake kwa ajili ya mifupa, na mifupa ya miaka kumi inayobeba kilo 47 inazihitaji. Usimwambie ni dawa ya kupunguza mwili, maana baada ya mwezi atajitazama kwenye kioo na kuamini kwamba hata dawa imemshinda.

Nakuja kwa Bonge.

Umeliandika jina hilo mwishoni, kati ya tableti na maswali, kama mtu anayeweka kiatu nyuma ya mlango. Mimi naona ndilo jambo kubwa katika barua yako. Rudia ulichoandika: zamani alikuwa anashuka, siku hizi hashuki. Hakuzuiwa na basi, wala na mawingu, wala na chipsi. Hashuki kwa sababu chini kuna jina linamsubiri kwenye ngazi. Na akipanda juu analikuta mezani, kwa baba yake. Anacheka, ndiyo. Mtoto wa miaka kumi atafanya nini kingine baba yake akimtania mbele ya watu?

Watoto wa ploti hutawaweza wote. Baba utamweza. Usimwite kikao cha lawama, mwambie tu usiku watoto wakishalala: daktari amesema mtoto anahitaji kutoka nje, na hatoki kwa sababu ya jina hili, na sisi ndio tuliolipatia jina hilo ruhusa ya kuishi humu ndani. Amwite jina lake, au "kijana wangu", au lile jina la babu alilorithi. Mkilizika nyumbani, la nje linapungua makali. Mwalimu naye aambiwe, maana ukuta ule wa uwanja wa michezo nadhani si uchovu tu.

Kisha mtafutie mahali pa kutoka ambapo hakuna ngazi ya kupitia mbele ya wenzake. Nimeingia majengo mengi ya Pipeline na nakumbuka kitu kimoja: juu kabisa, mahali pa kamba za nguo, kuna jua. Mara nyingi pamefungwa kwa kufuli na ufunguo uko kwa msimamizi wa ploti, ambaye anaogopa watoto kuanguka na nguo kuibwa, na haogopi bure. Nenda naye uso kwa uso. Mwambie Jumamosi ukifika wakati wa masomo kuisha, na Jumapili baada ya ibada, utapanda na watoto wako kuanika nguo, wewe mwenyewe ukiwa pale, saa nzima. Ukuta wa ukingo ukiwa mfupi kuliko kifua cha mtoto, sahau, tafuta uwanja. Ukiwa mrefu, una uwanja wako. Avae kaptura na fulana ya mikono mifupi. Mpe kazi: kukamua nguo, kubeba beseni, kufukuzana na dadake kati ya mashuka. Nusu saa hadi saa nzima, siku mbili za wikendi, na mapumziko ya shule bila sweta. Mwandikie mwalimu wa darasa kuhusu hilo sweta, taja karatasi ya daktari. Shule nyingi hukubali kitu kikiandikwa.

(Kwa msomaji mwenye mtoto mwenye ualbino: haya ya jua hayakuhusu hata kidogo. Kofia, mikono mirefu na mafuta ya kukinga jua vibaki palepale, na vitamini D ya mtoto wako itoke kwenye chakula na tembe.)

Chakula hakiwezi kuijaza nambari ile peke yake, na ni vyema ujue kwa nini. Kiini cha yai moja kina kama uniti 40. Mtoto wa umri wake anahitaji kama 600 kwa siku hata akiwa na uzito mzuri, sasa hesabu mayai. Sardini za mkebe na makareli zina nyingi zaidi, kama uniti 190 kwenye gramu 100 za sardini, na ukizipika na nyanya na kitunguu zinaliwa na ugali bila malalamiko. Omena wapike pia, kwa sababu wanaliwa na mifupa yao na hiyo ni kalisiamu ambayo vitamini D inahitaji ili iwe na kitu cha kujengea. Uyoga ukikatwa na kuanikwa juani mchana kabla ya kupikwa hutengeneza vitamini D yake wenyewe, jambo ambalo huwa linawafurahisha watoto kuliko kuula. Unga wa ugali wa paketi umeongezewa vitamini A, chuma na zinki, D usiitegemee huko.

Kwa upande wa mwili wake, mumeo na chipsi zake ana ukweli nusu. Mimi ningeanza na chupa kabla ya sahani. Soda ya nusu lita ina kama gramu 50 za sukari, vijiko zaidi ya kumi, na juisi za paketi si malaika. Ondoa vinywaji hivyo nyumbani kwa kila mtu, baba akiwemo, ili isionekane ni adhabu ya mmoja. Chipsi ziwe siku moja ya wiki inayojulikana. Usimnyime chakula cha usiku, usimwekee sahani ndogo kuliko ya dadake mbele ya wageni, na usimpime kila asubuhi. Katika umri huu mara nyingi tunataka uzito usimame huku urefu ukipanda. Akikua sentimita tano akiwa bado kilo 47, amepiga hatua kubwa na hakuna aliyelia.

Usingizi hujauliza, lakini nimehesabu. Akilala saa nne usiku na kuamka saa kumi na nusu, amelala chini ya saa saba. Mtoto wa miaka kumi anahitaji saa tisa na zaidi, na anayelala kidogo huamka na njaa ya sukari. Basi la shule huwezi kulisogeza. Tableti unaweza. Iwekwe chumbani kwako saa mbili usiku, na yako pia, vinginevyo utasikia neno.

Dada yake. Wembamba haumwepushi, ile asilimia 21 inamhusu yeye. Analala nyumba ile ile, kwa kioo kile kile. Huna haja ya kulipa elfu tano nyingine: mwongozo mpya wa madaktari wa homoni wa mwaka 2024 unapendekeza watoto wa mwaka 1 hadi 18 wapewe vitamini D ya kawaida ya kila siku ili kukinga matege, na hausisitizi kumpima kila mtoto. Uniti 600 kwa siku zinamtosha. Mwulize mfamasia tembe za watoto za kiwango hicho, soma nambari iliyo kwenye kopo kabla ya kulipa, na aende juu pamoja na kaka yake. Ukiona miguu yake inapinda au anatembea kama bata, hapo sasa apimwe.

Umekosea? Ulihamia nyumba unayoweza kulipa, ukampeleka shule inayochukua siku nzima, na ulipoona analia miguu ulitafuta daktari. Kosa likitafutwa, tuanze na waliojenga bila kuacha hata mita mbili za jua kati ya gorofa na gorofa, na hao hawaandikii safu hii.

Siku ya kurudi kliniki, beba karatasi ya 14 ili wapime kwa kipimo kile kile, ikiwezekana maabara ile ile. Mwambie daktari kuhusu kile ulichokiona akitembea pekupeku. Na utakapokwenda kuomba ufunguo, nenda na beseni la nguo limejaa. Msimamizi wa ploti hawezi kumkatalia mwanamke mwenye nguo mbichi mkononi.

Mama Kliniki